Dabi kwa reli: Nauli ya kurudi Kasansa usiiguse

DABI ya Kariakoo ikipangwa Kwa Mkapa, shabiki wa Kasansa mkoani Katavi anapiga hesabu ya nauli kabla ya kujadili kikosi.

Kwanza ni basi hadi Mpanda. Hapo kuna reli ya zamani, kilomita 210 hadi Kaliua, inakoungana na Reli ya Kati kwenda Tabora, Dodoma na Dar. Anayebana matumizi hukaa daraja la tatu, hubeba msosi wake na kubaki kwenye reli hiyohiyo hadi Dar.

Mwenye haraka hushukia Dodoma na kuhamia SGR, iliyoanza safari hizo Julai 25, 2024 kwa nauli ya Sh31,000 treni ya kawaida. Ndani ya saa nne yuko Dar.

Ila treni ya Mpanda haiondoki kila siku. Ratiba ya ligi na ya TRC zisomwe pamoja.

Na nauli ya kurudi haiguswi. Machi 8, 2025 dabi iliahirishwa siku ileile ya mechi, wa mikoani wameshafika mjini. Ikapigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Aliyekula nauli ya kurudi aliumia mara mbili: mpira hakuuona, na nyumbani ni mbali.