Maji ya Chumvi Ndani ya Rejeta

Gari likichemsha kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, kati ya Mtoni na Mbagala Rangi Tatu, dereva hakosi maji. Genge lina dumu, muosha magari ana mpira, nyumba ya jirani ina kisima. Yanamiminwa, injini inatulia, safari inaendelea. Ila visima vingi vya ukanda huu wa pwani hutoa maji yenye chumvi. Wenyeji huyatambua kwa ladha ya chai na kwa sabuni inayogoma kutoa povu. Injini nayo huathirika, lakini madhara yake huchukua miaka kuonekana.

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Injini ya Toyota IST, gari dogo lililozagaa kuanzia Tegeta hadi Chamazi, imeundwa kwa aluminiamu, bloku na kichwa chake. Kinachoiokoa ni lita chache tu za kimiminika zinazozungushwa na pampu, zikibeba takriban theluthi moja ya nishati yote ya mafuta na kwenda kuitupa hewani kupitia rejeta. Muundo huo una asili ya zamani: mwaka 1900 Mjerumani Wilhelm Maybach aliliwekea gari la Mercedes rejeta ya vijibomba 8,070, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6, ili hewa iguse eneo kubwa iwezekanavyo. Rejeta za leo zimebadilika umbo, lakini bado zinategemea njia nyembamba. Na njia nyembamba huziba.

Maji ya kisima yakipashwa moto, kalsiamu iliyoyeyuka ndani yake hujitenga na kuganda ukutani, kama ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ukoko huo hupitisha joto kwa uwezo ulio chini ya aluminiamu kwa karibu mara mia. Utando mwembamba tu unatosha kulizuia joto lisitoke. Kloridi, yaani ile chumvi yenyewe, hufanya kazi nyingine: hutoboa ngozi ya oksaidi inayoilinda aluminiamu, kisha huchimba vishimo vidogo vidogo. Chuma, shaba na aluminiamu zikikutana ndani ya maji hayo, umeme hafifu huanza kupita kati yake na metali iliyo dhaifu huliwa. Tope la kahawia linalotoka siku rejeta inapofunguliwa ni kutu ya vyuma vya injini yenyewe.

Hapa ndipo dhana moja ya mtaani inapogharimu watu fedha nyingi: kwamba kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini, ni ya nchi za barafu, Dar es Salaam haihitajiki. Ni kweli glaikoli iliyomo huzuia maji yasigande. Lakini kulanti hubeba pia dawa za kuzuia kutu, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 badala ya 100, hata kabla mfuniko wa rejeta haujaongeza shinikizo. Mji wenye joto na foleni unahitaji mambo hayo mawili kuliko Japani lilikotoka gari. Ipo dhana ya pili, ndugu wa hiyo: kung'oa thamostati, vali inayoyazuia maji hadi injini ipate joto, ili injini ipoe zaidi. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchafua oili, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta kabisa.

Kusafisha mfumo huu wa kupoza nyumbani kunawezekana, mradi injini iwe baridi. Hilo halina mjadala: mfuniko hushikilia shinikizo la karibu mara mbili ya hewa ya kawaida, na ukifunguliwa wakati wa moto, maji yaliyopita nyuzi 100 hulipuka usoni. Koki iliyo chini ya rejeta hulegezwa na maji machafu hukingwa kwa beseni. Hujazwa maji safi, hita ya ndani ya gari huwekwa kwenye moto kabisa ili njia zake nazo zifunguke, kisha injini huachwa iungurume hadi thamostati ifunguke na feni ianze kuzunguka. Injini hupoa tena, maji humwagwa, na kazi hurudiwa mpaka yatoke meupe. Haraka ndiyo huharibu: maji baridi ndani ya injini ya moto yanaweza kupasua kichwa.

Je, maji gani? Wakati wa ukame wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, visima ndivyo vilivyookoa jiji, na magari yalikunywa humohumo. Kwa kusafisha rejeta, maji hayo ya visima yaepukwe: kwa suuza za mwanzo maji ya bomba yanafaa. Suuza ya mwisho, na maji ya kuchanganyia kulanti nzito, yawe yaliyosafishwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Muhimu ni kusoma chupa, kwa maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani haiongezwi maji.

Yaliyomo kwenye beseni hayastahili kumwagwa mtaroni. Glaikoli ya kulanti nyingi ni tamu na ni sumu ya figo. Vijiko vichache vinaweza kumuua mtoto, na mbwa huifuata. Mitaro ya Temeke huishia kwenye mito kama Kizinga, ambao umelisha mtambo wa maji wa Mtoni kwa miaka mingi, na ya Kinondoni hushuka Mto Ng'ombe hadi Msimbazi. Dumu lenye kifuniko, lililoandikwa jina la kilichomo na kuwekwa mbali na watoto hadi lipelekwe kwa wanaokusanya taka za gereji, ndilo mahali pake.

Baada ya kujaza, injini huungurumishwa mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu ya hewa yaishe, na kesho yake asubuhi kina huangaliwa upya. Kikishuka kidogo ni hewa iliyobaki. Kikiendelea kushuka kila siku bila tone lolote chini ya gari, au oili ikigeuka rangi ya maziwa, huenda gasketi ya kichwa imekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi.