Utundu si ushetani

Ulimi hauna mfupa, na kamusi nayo haina macho. Hayo niliyajua Kakamega, mtaa wa Amalemba, nilikokaa miaka kadhaa nikiuza nguo. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Pwani, majirani walinifanya mkalimani wao.

Jioni moja jirani yangu Mluhya alinijia na ripoti ya shule ya mwanawe. "Mzee, neno hili ni nini?" Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto ana akili, ila ni "impish". Nikafungua kamusi yangu kuukuu, nikakuta: "-a kishetani". Nami, bila kufikiri, nikamwambia hivyo hivyo. Baba alinyamaza. Mtoto, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinama akalia.

Usiku ule sikupata usingizi. Shetani tunamjua ni nani. Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli, nami nilikuwa nimembandika mtoto jina baya kuliko yote.

Asubuhi tukaenda shuleni sisi sote watatu. Mwalimu alicheka. Kosa la mtoto lilikuwa kuficha chuma cha kugongea kengele, kisha kukirudisha mwenyewe saa ya chakula ilipokaribia! Akatueleza kuwa "imp" katika Kiingereza cha kale lilikuwa chipukizi la mti. Baadaye likawa mtoto, kisha mtoto wa shetani. Leo ukali wake umepungua. Waingereza hulitumia kwa tabasamu au jicho la mwenye kupenda mzaha usiodhuru mtu. Mwizi haitwi hivyo.

Kumbe neno tunalo. Mkorofi hutaka kuudhi, mtukutu hatulii, mtundu huchokoza na kupekua, na mara nyingi akili ndiyo inayomwasha. Ndiye afunguaye redio amwone anayesema ndani.

"Basi mwanangu ni mtundu," baba akasema, uso umemkunjuka. "Mwambie mwenyewe, Mzee, maana wewe ndiwe uliyemliza."

Nikamshika mtoto mkono, nikamwomba radhi. Akanitazama kwa jicho lile lile alilolisema mwalimu.

"Babu," akaninong'oneza, "kwani kile chuma nikifiche tena?"