Fedha Ilivyoilaza Milima

Wahenga walinena kwamba fedha ilivunja nguu, milima ikalala. Kila nifundishapo asili ya maneno, huwauliza wanafunzi wangu: fedha ipi? Neno hili tulilolipata kutoka Kiarabu lina maana mbili, madini meupe yang'aayo na pesa. Kwa wakazi wa Nyeri, Murang'a, Embu na Meru, maana hizo ziliingia kwa mlango mmoja, na aliyeubisha mlango huo alikuwa mtoza kodi.

Tuanzie Mombasa. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme ya kutawala, na papo hapo ikafulishiwa rupia za fedha mjini Birmingham. Nembo yake ilikuwa jua lenye taji, na wito wake, kwa lugha yetu, "Nuru na Uhuru". Rupia hizo ni adimu leo. Kampuni ililemewa, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Iliyopanda bara hadi milimani ni rupia ya Kihindi, yenye kichwa cha Malkia Victoria na kisha cha wafalme waliomrithi.

Jina rupia lina asili katika Kisanskriti, nalo humaanisha fedha iliyotiwa sura. Swali ni hili: sura ya nani?

Kodi ya nyumba ilianza 1901. Ngome ya Waingereza ikasimama Nyeri 1902, kisha Embu 1906 na Meru 1908. Bunduki ndizo zilizotangulia, lakini bunduki haiwezi kulala katika kila kibanda, sarafu yaweza. Mbuzi, aliyekuwa kipimo cha mali na mahari, alizaliwa zizini mwa mwenyewe. Rupia haikuzaliwa zizini. Ilipatikana kwa kuuza mifugo au jasho, mara nyingi katika shamba la mlowezi. Aliyeishika kumlipia mtawala alikuwa amekwisha kumtumikia.

Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikaja florini, na punde shilingi. Harry Thuku na wenzake walipopinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, Thuku alikamatwa, na Machi 1922 waliodai aachiliwe wakapigwa risasi Nairobi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nuru, na huo ndio uliokuwa uhuru. Nayo shilingi mpya ilikuwa na fedha robo tu. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mfalme. Upande wa pili simba, na nyuma yake milima. Madini yalipungua, mamlaka hayakupungua.

Wako wasemao kwamba kuchimbua maneno ya kale ni anasa ya wasomi. Sikubaliani nao. Pesa ni paisa ya Wahindi. Hela ni Heller ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Mbeca ya Wagikuyu ni pesa hiyo hiyo iliyopanda mlima. Tawala zilikwenda, maneno yakabaki kuwa mashahidi.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwa wazee wangali na sarafu hizo, kabla hazijauzwa kwa mfua bangili. Waishike fedha mkononi, waigeuze, wasome pande zote mbili. Kisha waitazame noti iliyo mfukoni mwao na kuuliza swali lile lile: sura ya nani?