Popo wa shimo la Gorumbwa

Kila mchimbaji anaogopa shimo kuanguka. Lakini ni nani anaogopa popo? Kule Durba, katika zoni ya Watsa, kaskazini-mashariki ya inchi yetu, watu walijifunza kwa machozi.

Tangu Oktoba 1998 hadi Septemba 2000, ugonjwa wa Marburg ulikamata watu 154 kule, 128 wakafa. Unaanza sawa malaria tu: homa, kichwa, viungo kuuma. Kisha kutapika na kuhara, na kwa wengine damu inatoka. Nusu ya wagonjwa walikuwa vijana wa kuchimba zahabu. Na wenyeji waliujua ugonjwa huo tangu 1987! Walikuwa wakizika, basi. Tena ilikuwa vita. Habari ilifika mbali wakati munganga mkuu wa Watsa mwenyewe alipougua na kufa, Aprili 1999.

Waganga waliuliza wagonjwa: Ulikaribia mgonjwa mwingine? Kwa wasio wachimbaji, 67 kwa 100 walijibu ndiyo. Kwa wachimbaji, 27 tu. Basi hao wengine waliupata wapi? Ndani ya shimo. Damu ilipopimwa, zilionekana aina tisa na zaidi za virusi. Maana yake ulitoka kwa wanyama mara nyingi, si mara moja. Baadaye alama za virusi zilipatikana katika popo wa Gorumbwa. Maji yalipojaa shimo lile, ugonjwa ukaisha.

Vijana, ninajua kwa nini mnanyamaza. Shimo halina ruhusa, na mkisema, litafungwa. Lakini watu wawili wa shimo moja wakipata homa na damu, mwambieni muuguzi siku ile ile, na mtaje shimo. Asipojua shimo, ataandika malaria. Yeye atajulisha zoni, na damu itapelekwa kupimwa Kinshasa. Waliomgusa mgonjwa wanaangaliwa siku 21; kuangaliwa si kufungwa jela.

Nanyi bamama, ninajua uzito wa neno hili, maana nimeketi kwenye matanga mengi: mtu akifa hivyo, msimwoshe, msimkumbatie. Waiteni watu wa afya wenye glavu na dawa ya Javel, wamzike. Nguo na godoro lake visigawanywe kwa jamaa. Mchungaji naye asimame mbali na aombe kutoka pale, sauti inafika.