Pesa ya Idi: simu, duka au ayuuto?

Kila mwaka Ramadhani huingia siku 10 au 11 mapema kuliko mwaka uliotangulia. Mishahara ya mjini Lodwar na mgao wa chakula wa kambini Kakuma havifuati mwandamo wa mwezi, na ndiyo maana Shaabani huwakuta akina mama wengi na hesabu ileile: tende, unga wa sambusa, mkaa, nguo za watoto za Idi, na mfuko haufiki. Njia za kuziba pengo hilo ni tatu, na gharama zake zimepishana sana.

Ya upesi ni simu. Mwenye kitambulisho cha Kenya anaweza kukopa M-Shwari, huduma iliyoanza 2012, ambayo hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ushuru mbali. Ukichukua shilingi 10,000 unarudisha 10,750 na zaidi kidogo. Siku hizo zikipita hujamaliza, salio linatozwa ada nyingine. Masheikh wengi wanaihesabu hiyo kuwa riba. Hata nikiiweka fatwa kando, sioni sababu ya kununua gauni la diraaci kwa bei hiyo.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, na jirani yake Kalobeyei ya 2016, mkopo mkubwa uko dukani. Mwaka 2015 sehemu ya msaada wa chakula ilianza kuingia kwa simu kupitia Bamba Chakula, mpango wa vocha za chakula, ili itumike kwa wenye maduka walioidhinishwa. Mgao ukichelewa au ukipunguzwa, mwenye duka anakupimia mchele kwa deni, na wateja wengine humwachia laini au kadi kama rehani. Katika sharia ya Kiislamu hapo pana nafasi: wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya deni iwe juu kuliko ya taslimu, mradi mmekubaliana bei moja kabla hujaondoka na mzigo. Ikipanda baadaye kwa sababu umechelewa kulipa, imeshakuwa riba.

Lakini kilicho halali si lazima kiwe nafuu. Tuseme kilo ya sukari ni 150 taslimu na 180 kwa deni la mwezi mmoja: umelipa asilimia 20, zaidi ya mara mbili ya ile ada ya simu. Kwa hiyo uliza bei zote mbili kabla mizani haijawekwa. Na kadi usiiache, kwa sababu ukishaiacha huwezi tena kuvuka kwenda duka la pili kulinganisha bei. Wala mkimbizi hawezi kukimbilia Lodwar, kilomita 120 hivi, kutafuta unafuu. Kutoka kambini kunahitaji kibali.

Ya tatu ni ayuuto ya wanawake wa Kisomali, ambayo majirani zao wengi wanaijua kama chama. Wanawake kumi wakichanga 500 kila wiki, kila mmoja anapokea 5,000 kwa zamu yake, bila nyongeza ya shilingi. Gharama yake ni kungoja, na hatari yake ni mwenzenu anayepokea mapema kisha akaacha kuchanga. Kakuma watu huondoka: leo yuko, kesho amepata safari ya ng'ambo. Anayesubiri safari apewe zamu za mwisho, hata kama atanuna, na pesa zishikwe na mama ambaye wote mnamwamini.

Na fitra, sadaka ya wajibu ya Idi, isikupeleke kwa mkopeshaji yeyote. Ni pishi moja ya nafaka kwa kila mtu, kati ya kilo mbili na nusu na tatu, na haimlazimu asiye na ziada ya chakula cha siku ya Idi na usiku wake. Katika madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Wasomali wengi, ya mke iko juu ya mume.

Ningechagua ayuuto, duka likiwa akiba kwa chakula tu, na simu ibaki kwa dharura ya hospitali. Kikundi cha watu kumi kikianza katikati ya Rajabu, zamu ya mwisho itaangukia karibu na wiki ya Idi.