Obokano Ndani ya Laptopu: Jinsi ya Kukata Lupu Vipande Bila Kuua Ladha

Prodyuza wa Kisii na Nyamira, mbona biti yako isikike kama ya msee wa Atlanta na obokano iko hapo nyumbani? Hiki ni kinanda cha nyuzi 8 cha Abagusii, ndugu mkubwa wa nyatiti ya Waluo, na besi yake ni noma.

Shida ni moja. Omogaka akicheza hafuati saa ya kompyuta. Akichangamka anaharakisha, akisimulia anapunguza. Ukiitupa rekodi yake juu ya ngoma zako, kila kitu kinagongana.

Ukikimbiza faili nzima kutoka BPM 100 hadi 120, sauti inapanda zaidi ya semitoni 3. Besi ya mzee inakuwa ya kijana. Ukiinyoosha kwa programu, noti zinabaki pale pale lakini mlio unaanza kuyumba.

Dawa ni kukata vipande. Si mambo mapya: ReCycle ya Propellerhead, kampuni ya Sweden, ilifanya hii kazi tangu 1994. Leo FL Studio iko na Slicex, Ableton Live iko na Simpler. Sampla inatafuta pale uzi umegongwa, inakata hapo, kisha kila kipande kinapewa noti yake kwa kibodi. Ukibadilisha tempo, vipande vinasogeana ama vinaachana, lakini sauti yenyewe haiguswi.

Fanya hivi:

1. Chagua baa 2 zilizotulia. Kwa BPM 100, baa ya mapigo 4 ni sekunde 2.4, so lupu yako iwe karibu sekunde 4.8.

2. Usiamini mashine kila kitu. Mzee akiimba ama watu wakipiga makofi, sampla inakata ovyo. Sogeza alama kwa mkono, ukitumia masikio.

3. Ukisikia "tik" kati ya vipande, weka fedi ya milisekunde 5 hivi kila mwisho.

4. Afadhali rekodi ya polepole uiharakishe. Ukipunguza kasi, mapengo ya kimya yanatokea, na itabidi uyazibe na mwangwi.

5. Usipange kila noti kwa mstari. Ule mchelewo kidogo wa kidole ndio Kisii yenyewe. Ukiunyoosha wote umebaki na biti ya roboti.

Sasa tuongee doo. Wasee wengi hudhani ukikata lupu vipande 16 na kuvipanga upya, si ya mtu tena. Zii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi kwa miaka 50, na kukata hakufuti mwenyewe. Tena kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni wa jamii.

Kwa hivyo kabla ufungue maiki, andikeni karatasi: mzee anapata ngapi leo, na asilimia ngapi wimbo ukishika. Aweke sahihi, jina lake liandikwe kwa wimbo. Kumpa mzee chai na kilo ya sukari si malipo, ni salamu tu. Ngoma ikivuma matatu zote kutoka Keroka hadi Suneka, yeye pia ale.