Mlio mzito kwa fedha chache

Mtu asimamaye jioni kando ya barabara kuu ya Busia, upande wa Kenya au wa Uganda, husikia gari kabla ya kuliona. Kinachotangulia ni mlio mzito wa besi, ambao matatu zimewazoesha watu wa mpakani, na ambao hata mwenye gari dogo kuukuu kutoka Japani huutamani. Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kuitimiza kwa karo ya watoto, au kwa waya uwezao kuliteketeza gari lenyewe.

Spika ndogo za mlangoni hazitoi besi ya chini, kwa kuwa mlio huo hudai kusukumwa kwa hewa nyingi. Kazi hiyo ni ya sabufa, spika pana iliyofungwa ndani ya sanduku na kutiwa nguvu na amplifaya. Kwa gari dogo, moja ya inchi 10 yatosha. Mbili ni majivuno.

Udanganyifu mwingi umo katika amplifaya. Katoni huandikwa wati 1,500 kwa herufi kubwa, lakini ukweli hukaa katika fyuzi iliyochomekwa ubavuni. Ampea za fyuzi zizidishwe kwa volti za gari: yenye ampea 20, hata injini ikiwaka na volti kupanda hadi 14, haivuti kwa muda mrefu zaidi ya wati 280, na sehemu ya hizo hupotea kuwa joto. Spika ya mtumba nayo ibonyezwe taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikisikika kukwaruza ndani, koili yake imeharibika, na irudishwe mezani kwa muuzaji.

Mpakani yafaa pia kuuliza ni shilingi ya nchi gani inayotajwa, maana moja ya Kenya hununua zaidi ya 20 za Uganda. Anayevuka na mzigo apite katika kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Njia za panya hazimfai mtu yeyote, sembuse askari.

Sanduku lisinunuliwe. Seremala wa Tororo aweza kulitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, kwa gundi na skrubu, viungo vyote vikizibwa hewa isipenye. Sanduku lililofungwa kabisa, la lita kama 20 hadi 30, husamehe makosa madogo ya vipimo. Lenye tundu huhitaji hesabu.

Redio ya asili ya gari mara nyingi haina matundu ya kuunganishia amplifaya, hivyo ichaguliwe amplifaya inayopokea nyaya za spika moja kwa moja. Tena, redio nyingi za zamani kutoka Japani huishia megahezi 90, ilhali stesheni za Uganda na Kenya hufika 108. Asiyepata hata taarifa ya habari angeanza kutumia fedha zake hapo.

Mahali pasipofaa kubana matumizi ni kwenye waya utokao katika betri. Fundi wa haraka huupitisha katika tundu la bati kati ya injini na abiria bila mpira wa kukinga. Gari hutikisika barabarani miezi kadhaa, ngozi ya waya hulika, shaba hugusa bati. Fyuzi ya amplifaya haisaidii, kwa kuwa iko mwisho wa waya, mbali na hatari. Betri humwaga nguvu zake zote, waya huwa mwekundu, na zulia huwaka moto, pengine watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Kwa hiyo iwekwe fyuzi nyingine isiyozidi sentimita 45 kutoka betri. Waya wenyewe, kwa amplifaya ya ampea 20 au 30, uwe wa shaba halisi wa milimita 8 za mraba. Ukikwaruzwa kwa kisu na kuonekana mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na unene huo hautoshi. Waya hasi uwe mfupi, ufungwe kwa bolti penye bati lililokwanguliwa rangi.

Kisha amplifaya iwekwe kwenye hezi 80, ili sabufa iimbe besi tu na kuyaachia maneno spika za mlangoni.

Uganda ina kanuni za kelele tangu 2003, na Kenya tangu 2009. Katika nyumba za kambini kuna jambo la karibu zaidi: besi hupenya ukuta kuliko sauti nyingine zote, na jirani aliyetoka zamu ya usiku hulala mchana.